Kilichomo ndani ya pipi ya kutafuna

Nimepokea barua ya mama mmoja wa Temeke. Ndugu yake aliyekuja likizo kutoka Ulaya amewaletea watoto zawadi ya pipi laini, zile zenye sura ya dubu, nyekundu, kijani na manjano, pamoja na pakiti moja ya pipi nyeusi ti. Zile za rangi watoto walizigombania, nyeusi walizitema. Mama mwenyewe amezifungia zote kabatini, maana jirani amemwambia kwamba zimetengenezwa kwa nguruwe. Anauliza kama ni kweli, na anauliza pia kama hizo nyeusi ni pipi au ni dawa.

Ni maswali mazuri, na majibu yake ni marefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tumezoea kufikiri kwamba historia ni mambo ya wafalme, vita na mikataba. Basi hata pipi ya kutafuna ina vita vyake, na ina hata sanduku lake la kura, kama mtakavyosikia.

Kwanza nilitaka kukijua ninachokizungumzia. Nilitafuta aina nne, nyingine katika maduka ya katikati ya jiji kwa bei inayouma, nyingine kwa msafiri, nikazionja moja baada ya nyingine huku nikisukutua kwa maji. Dubu ni rahisi kumpenda. Ukimbana kwa meno anavutika, ukimwachia anarudi, kisha anakubali na kuyeyuka. Lakini nilipofumba macho sikuweza kutofautisha dubu mwekundu na dubu wa kijani. Aina ya pili ni ile ambayo Waingereza huiita pipi ya mvinyo, iliyochapwa mgongoni majina ya vileo, port, sherry, gin, ingawa haina hata tone la kileo. Hii ni ngumu zaidi na haina haraka. Inabidi uimung'unye kwanza, uibembeleze, ndipo uitafune. Kati ya zote hii ndiyo niliyoipenda.

Ya tatu ilikuwa kidonge cheusi cha Pontefract, bapa kama sarafu, chenye muhuri wa ngome. Utamu wake si wa sukari. Unachelewa kuja na unachelewa kuondoka, na ndani yake mna kitu kama shamari, na nyuma ya shamari mna ladha ya udongo baada ya mvua. Mtu anaweza kukizoea. Ya nne ilikuwa pipi nyeusi ya Kiholanzi ya chumvi, na hapo fundi mitambo wetu, ambaye nilimgawia moja, aliinuka akatoka nje. Chumvi yenyewe si ya mezani. Ni amonia kloridi, ile ile ambayo mafundi bati hutumia kusafishia chuma cha kulehemu. Mimi sikuitema, kwa kuheshimu kazi, lakini sikuchukua ya pili. Hata hivyo Waholanzi na Wafini wanaila kama sisi tunavyokula embe bichi kwa chumvi na pilipili, na nikikumbuka sura za wageni tunapowaonjesha embe hilo naacha kuwashangaa.

Sasa nianze na hizo nyeusi. Mama, watoto wako hawakukosea sana: zilianza kama dawa.

Zinatokana na mzizi wa mmea wa jamii ya kunde unaoota kuanzia kusini mwa Ulaya hadi Asia ya Kati. Wagiriki waliuita kwa neno lenye maana ya mzizi mtamu. Waarabu huuita irk sus, na watu wa pwani yetu wakalifanya neno hilo kuwa urukususu. Huko Cairo, mwezi wa Ramadhani, maji yake baridi humiminwa barabarani na wachuuzi, na wafungaji wengi hufuturu nayo. Sifa yake ya kukata kiu ni ya zamani sana. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba Waskithi, wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, waliweza kukaa siku 11 au 12 bila kunywa maji kwa kutumia mzizi huu na jibini ya maziwa ya farasi. Aliandika pia kwamba unafaa kwa pumu na kikohozi kikavu. Utamu wake unatokana na kitu kiitwacho glisirizini, ambacho kwa uzito ule ule kinaizidi sukari karibu mara 50.

Mzizi huo ulifika Uingereza na kupata makao katika mji wa Pontefract, jimbo la Yorkshire, ambako udongo ni wa kina na mzizi unaweza kushuka bila kizuizi. Wauza dawa wa mji ule waliuchemsha, wakaukausha mchuzi wake hadi ukawa bonge jeusi kama lami, wakalikata kuwa vidonge vya kikohozi na vya tumbo. Inaelezwa kwamba mwaka 1760 muuza dawa mmoja, George Dunhill, aliongeza sukari katika vidonge hivyo. Tendo dogo tu, lakini kuanzia hapo mtu hakuhitaji tena kuwa mgonjwa ili avitake.

Na hapa ndipo lilipo lile sanduku la kura. Kabla ya mwaka 1872 mpiga kura wa Uingereza alitaja jina la mtu anayemtaka kwa sauti, mbele ya watu wote, na mbele ya mwenye nyumba wake na tajiri wake pia. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kura ya siri, na uchaguzi wa kwanza wa kumpata mbunge chini ya sheria hiyo ulikuwa uchaguzi mdogo wa Pontefract, tarehe 15 Agosti 1872. Masanduku yalipofungwa, nta ilihitaji kugongwa muhuri. Wakachukua muhuri wa kiwanda cha pipi cha Dunhill, wenye picha ya ngome na bundi. Sanduku moja limehifadhiwa katika makumbusho ya mji ule hadi leo, na alama za muhuri bado zinaonekana. Wasikilizaji wetu wa Kenya wanaokumbuka mlolongo wa mwaka 1988, walipopangwa mchana kweupe nyuma ya mgombea au picha yake, hawahitaji kuelezwa uzito wa sanduku lile.

Lakini dawa ni dawa, na dawa ina madhara yake. Katika miaka ya 1940 daktari wa Kiholanzi aitwaye Revers aliwapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo urukususu uliokolezwa. Wengi walipata nafuu, ila baadhi yao wakaanza kuvimba uso na miguu. Sababu yake imejulikana baadaye. Glisirizini huifanya figo izuie chumvi na maji mwilini na kupoteza madini ya potasiamu. Presha hupanda, na potasiamu ikipungua mno moyo hupoteza mapigo yake. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, walitoa taarifa ya mtu wa miaka 54, mfanyakazi wa ujenzi, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akila pakiti moja na nusu ya pipi hizo kila siku. Alianguka mkahawani, na kesho yake alifariki. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo huwaonya watu waliotimiza miaka 40 kwamba gramu 57 kwa siku, kwa muda wa wiki mbili, zinaweza kuwafikisha hospitali. Finland, ambako pipi hizi zinapendwa kuliko tunavyoweza kueleza, huwashauri wajawazito waziepuke.

Sisemi haya ili kumtisha mtu aliyepewa kimoja. Nayasema kwa sababu presha imekuwa ugonjwa wa kila nyumba katika miji yetu, na mzee mwenye presha anaweza kuletewa mfuko mzima wa zawadi akaumaliza peke yake, kwa kuwa watoto hawazitaki. Ipo pia ile nyekundu ya Kimarekani, iliyosokotwa kama kamba, inayoitwa kwa jina la mzizi huu na kwa kawaida haina mzizi wowote ndani yake. Hiyo haitakupandishia presha kwa njia hii; ni unga wa ngano, shira na rangi.

Basi turudi kwa zile za rangi. Ladha ya tunda katika pipi nyingi haikupita kwenye mti. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, wenye viwanda vya kemia walileta chupa ndogo zenye harufu ya peasi, tofaa na nanasi, zilizotengenezwa kwa pombe na tindikali. Mkemia Mjerumani August Hofmann alizichunguza akaeleza zimetengenezwaje. Kitu kinachotoa harufu ya peasi katika pipi za Kiingereza ni kile kile, au ndugu yake wa karibu, kinachotoa harufu ya ndizi katika pipi zetu. Zingatia kwamba wakati huo Waingereza wengi hawajawahi kuiona ndizi. Mtu wa Bukoba au wa Moshi akionja pipi ya ndizi atasema mara moja kwamba si ndizi, na ana haki. Ndizi halisi ina harufu nyingi pamoja. Pipi ina moja, na imeongezwa sauti.

Lakini harufu haitafuniki. Kinachofanya pipi hii iwe yenyewe ni ule mnato, na mnato wa dubu wa siku hizi unatokana na gelatini. Hapa namjibu mama wa Temeke. Gelatini kila mmoja wetu ameiona. Supu ya makongoro ikilala usiku, asubuhi unaikuta imeganda inatetemeka. Kilichoigandisha ni gelatini iliyotoka kwenye ngozi, mishipa na mifupa. Viwandani huchemshwa kwa wingi, na kwa kuwa Ulaya ina ngozi nyingi za nguruwe, gelatini nyingi ya huko ni ya nguruwe. Kwa hiyo jirani yako, mama, huenda amesema kweli, ingawa si kwa kila pakiti. Ipo gelatini ya ng'ombe na ipo ya samaki. Kampuni ya Haribo, yenye dubu wanaojulikana kuliko wote, ina kiwanda Uturuki kinachotumia gelatini ya ng'ombe kwa ajili ya Waislamu, huku dubu wake wa Kijerumani akiwa na ya nguruwe. Dubu ni yule yule kwa sura, kwa hiyo usitazame picha, tazama imetengenezwa wapi na imeandikwa nini.

Wakati mwingine jina halitajwi, inawekwa namba. E441 ni gelatini. E440 ni pektini ya maganda ya tofaa na machungwa. E407 hutoka kwenye mwani, na mwani huo ni pamoja na ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wamekuwa wakiulima kibiashara tangu mwaka 1989, ukianikwa na kusafirishwa ng'ambo. Namba zote hizo mbili za mwisho zinatokana na mimea. Pastili za matunda za Rowntree, kwa mfano, ziliondolewa gelatini kabisa mwaka 2020.

Kuna namba nyingine tena, E414. Hiyo ndiyo hasa iliyonifanya niandike yote haya, kwa sababu hiyo ni ya Afrika.

Kabla ya gelatini kutawala, pipi ya kutafuna ilikuwa gundi ya mgunga. Wauza dawa wa Ulaya waliitumia kwa karne nyingi kushikanisha dawa ya kikohozi ili iyeyuke polepole kooni. Wafaransa wakawa mabingwa wa kuitia sukari na maji ya matunda na kuiita pastili. Huko York, Uingereza, familia ya Rowntree ilikuwa na kiwanda cha kakao kilichokuwa taabani. Mwaka 1879 aliwajia Mfaransa mmoja, Claude Gaget, akiwa na sampuli za pastili zake. Walihangaika nazo miaka miwili, na mwaka 1881 wakazitoa sokoni. Zilinunuliwa kwa kasi, na faida yake ndiyo iliyowawezesha kununua mitambo mipya ya kakao. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kutuletea KitKat. Kwa maneno mengine, chokoleti ile ilisimama juu ya gundi.

Utengenezaji wake ulikuwa wa subira. Gundi iliyeyushwa na shira, ikamiminwa katika vishimo vilivyochapwa kwenye sinia za wanga wa mahindi, kisha sinia zikawekwa katika chumba cha joto kwa siku kadhaa hadi maji yapungue. Ndiyo sababu pipi ya zamani ilikuwa ngumu na ya kudumu mdomoni. Charles Gordon Maynard alipobuni zile za mvinyo, London, mwaka 1909, inasimuliwa kwamba baba yake, Mmethodisti asiyegusa kileo, alikaribia kumfukuza kazi hadi alipohakikishiwa kwamba mvinyo haumo. Hans Riegel wa Bonn, Ujerumani, alianza mwaka 1920 akiwa na gunia la sukari, sufuria ya shaba na jiwe la marumaru, mke wake Gertrud akipeleka bidhaa kwa wateja kwa baiskeli; mwaka 1922 akatoa dubu wake wa kwanza, naye alikuwa wa gundi ya mgunga. Gelatini ilikuja baadaye kwa kuwa ni rahisi, haina haja ya siku nyingi za kukausha, na inarudi kama mpira. Kasoro yake tunaijua sisi. Inalainika kwenye joto la mwili, na joto la Dar es Salaam mwezi Februari linatosha kuwageuza dubu 40 kuwa dubu mmoja.

Gundi iliyo bora kuliko zote hutoka Kordofan, nchini Sudan, kwenye mti ambao wenyewe huuita hashab. Nao ni wa jamii ya kunde, kama ule mzizi mtamu. Mvua zikiisha na majani yakianza kupukutika, mkulima huchukua chombo chenye ncha ya chuma kiitwacho sunki, akachuna ukanda wa gome. Mti hujaribu kuziba jeraha. Baada ya wiki nne hadi sita utomvu unakuwa umeganda vidonge vyenye rangi ya asali, vingine vikubwa kama limau, naye hurudi kuvichuma kwa mkono katikati ya miiba, kisha tena na tena hadi kiangazi kiishe. Miti hiyo hiyo huzuia mchanga wa jangwa na kurutubisha shamba la mtama. Migunga ya aina hiyo ipo pia Turkana, Samburu na Isiolo, na gundi yake huuzwa, lakini Sudan ndiyo inayolilisha soko la dunia kuliko nchi nyingine yoyote, na soko lake mashuhuri ni El Obeid.

Sasa tazama miaka. Mwaka 1881 Rowntree alipotoa pastili zake, mwaka huo huo, mwezi Juni, Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi katika kisiwa cha Aba kwenye Mto Nile. Januari 1883 majeshi yake yaliiteka El Obeid. Gundi ya Kordofan ikaadimika, bei ikapanda Ulaya, na biashara haikurudi katika hali yake hadi dola ya Mahdi ilipoangushwa mwaka 1898. Mwaka 1997 Marekani iliiwekea Sudan vikwazo vya biashara, karibu vya kila kitu. Gundi ikaachiwa mlango, kwa sababu wenye viwanda vya soda na peremende walilia kwamba hawana pengine pa kuipata. Mtu wa Kordofan hakuweza kununua kipuri cha Kimarekani, lakini chozi la mti wake liliweza kwenda Marekani.

Na tangu Aprili 2023 Sudan imo tena vitani, jeshi la serikali likipigana na wanamgambo wa RSF. Maeneo ya gundi yakawa uwanja wa mapambano. El Obeid yenyewe ilizingirwa hadi Februari 2025. Wachumaji wengi wamekimbia. Waliobaki wakichuma hulipishwa njiani na wenye silaha. Shehena nyingi zimekuwa zikivushwa kwa njia za panya kwenda Chad, Sudan Kusini na Misri, na huko hupata makaratasi mapya yasiyotaja zimetoka wapi. Mnunuzi wa Ulaya anapofungua gunia lake hawezi kujua kama mkulima alilipwa, wala ushuru wake ulichukuliwa na bunduki ya nani. Kwenye pakiti inaandikwa E414.